Ndizi mzuzu: ganda ndilo linaloniamulia pishi

Mtu akiniuliza namna ya kupika ndizi mzuzu, swali langu la kwanza ni: ganda lake lina rangi gani? Ndizi ya kijani imejaa wanga, karibu sawa na kiazi. Kadiri inavyoiva, wanga ule hugeuka sukari, na ganda likishakuwa jeusi tayari una kitu kitamu. Ndiyo maana chane moja nyumbani kwangu hunipa mapishi matatu, ilimradi nisiipike yote kwa pupa.

Shughuli iko kwenye mbichi. Ganda limeng'ang'ania nyama, na utomvu wake ukiingia kwenye nguo doa halitoki. Kwa hiyo kabla ya kushika kisu napaka mafuta ya kupikia viganjani. Nakata ncha zote mbili, nachanja ganda kwa urefu kufuata pembe zake bila kuzama ndani, kisha napenyeza kidole gumba na kulisukuma kwa ubavuni. Kulivuta kuanzia juu kwenda chini, kama tunavyomenya ndizi za kula, ni kujichosha bure. Kila niliyomenya inaingia kwenye bakuli la maji yenye chumvi, kwa sababu ikikaa hewani inapiga weusi.

Hizo mbichi nazikaanga mara mbili. Nakata vipande vya unene wa sentimita 2 hivi, navifuta maji vizuri (mafuta yakikutana na maji, utakimbia jikoni), navikaanga kwa moto wa wastani hadi vilainike bila kupata rangi nyingi. Navitoa, navibonyeza kimoja kimoja kwa kitako cha kikombe, kisha navirudisha kwenye mafuta yaliyopata moto zaidi. Mara ya kwanza inaivisha ndani, ya pili inakausha nje, na hapo ndipo vinapolia mdomoni. Chumvi nanyunyiza vikiwa bado vinang'aa mafuta, la sivyo haishiki. Na viliwe papo hapo, vikipoa vinakakamaa.

Za manjano huwa nazichemsha tu na maganda yake, dakika 15 au 20. Ganda linajipasua lenyewe, kumenya hakuna kazi.

Zile zenye madoa meusi mengi, au nyeusi kabisa, wengi huzitupa wakidhani zimeoza. Mimi nazibonyeza: ikiwa laini lakini haivuji maji wala kunuka uchachu, hiyo ndiyo ninayoitaka. Naikata kwa mshazari ili kipande kipate uso mpana, naikaanga kwa mafuta kidogo na moto mdogo. Moto mkali hapa haufai hata kidogo, sukari inaungua nje kabla ndani hakujapata joto. Sukari ya kuongeza sioni sababu yake.

Nikitaka ziive haraka nazivundika kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha lililoiva, maana tunda bivu hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha zile nyingine. Kwenye friji siweki ya kijani, baridi inaizuia kuiva hata kama ganda litabadilika rangi. Zilizoiva zikinizidi, nazimenya, nazikata, nazigandisha kwenye friza. Siku ya kuzipika huingia kikaangoni baada ya kuyeyuka na kufutwa maji.