Maji ya Ngama

Mwaka 1998, likizo ya Desemba, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa nikimsaidia mjomba kufunga madishi Mwanza mjini. Siku moja tulikuwa juu ya bati, jua linachoma. Mimi nimeshika nguzo, yeye anasogeza dishi kidogo kidogo huku akichungulia televisheni ndogo tuliyopanda nayo. Chenga, chenga, chenga, mara picha ikatulia.

"Setilaiti yenyewe iko juu ya Ikweta, kama kilometa 36,000," akasema. "Inakwenda sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo maana tunaiona imesimama palepale. Na aliyeandika mwaka 1945 kwamba hili litawezekana ni mtunzi wa riwaya, mjomba."

Jioni akaniazima *Rendezvous with Rama* ya mtunzi huyohuyo, Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka. Ni riwaya ya 1973. Chombo kama pipa, urefu kilometa 50, kilichopewa jina Rama, kinaingia kwenye anga la jua letu na hakuna ajuaye kimetoka wapi. Wanaanga wanaingia ndani. Pipa linajizungusha mara moja kila dakika 4, na mzunguko huo ndio unaowapa uzito wa kusimama ukutani. Katikati kuna bahari iliyojiviringa kama pete: ukisimama ufukweni unaona maji yanapanda kulia na kushoto, mpaka yanakutana juu ya kichwa chako.

Jambo moja lilinishinda. Ng'ambo moja ya bahari hiyo ina ukingo wa mita 50, ng'ambo ya pili mita 500. Sababu imeelezwa mlemle kitabuni, lakini nilifungua kamusi, nikasoma, nikarudia, wapi.

Siku tatu baadaye nilikuwa Kisorya, navuka kwenda Ukerewe kwa bibi. Mtumbwi wa injini ulijaa magunia na kuku waliofungwa miguu. Chini ya miguu yangu kulikuwa na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, yana magamba ya samaki na utando wa mafuta uliokuwa ukibadilika rangi. Yametulia kabisa. Nahodha akavuta kamba, injini ikanguruma, mtumbwi ukachomoka, na maji yote yakakimbilia nyuma, yakapanda mbao na kumlowesha mama aliyeketi karibu na injini. Kijana mmoja akaanza kuyachota kwa kopo.

Nikaelewa. Ule ukuta wa mita 500 uko upande ambao bahari ingekimbilia siku Rama ikiongeza mwendo. Nilitamani kumwambia mtu, nikakosa wa kumwambia.

Tangu siku ile napenda riwaya ya sayansi ambayo maji yake yanakwenda yanakopaswa kwenda. Ndiyo maana anayeniomba kitabu cha pili cha Clarke humpa *The Fountains of Paradise* ya 1979, ya lifti inayopanda kutoka ardhini mpaka angani. Lakini *Kindred* ya Octavia Butler, ya mwaka huohuo, haielezi hata kidogo jinsi mhusika wake mkuu, mwanamke, anavyorudishwa enzi za utumwa, na niliisoma mpaka alfajiri. Na kwa lugha yetu kuna *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995: mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa kwenye chombo cha anga, anafika sayari ambayo jina lake, ukilikata, linasema wale ni sisi. Natamani kila shule iwe nayo.

Usiku ule, tumemaliza kula, nilimsimulia bibi habari za bahari ya Rama. Alisikiliza, kisha akauliza, "Maji yako juu ya vichwa vyao, mjukuu wangu, mbona hayamwagiki?"

Nikachukua ndoo ndogo, nikaijaza nusu, nikatoka naye uani kwenye mbalamwezi. Nikaishika mpini, nikaizungusha kwa nguvu, juu, chini, juu. Halikudondoka hata tone.

Bibi akasogea karibu, akagusa ardhi kwa kiganja. Kavu.

"Zungusha tena," akasema.