Ukavu ukeni: kabla hujaanza kujilaumu

Wadada hili tunaongea kwa kunong'ona tu, na likifika chumbani linageuka kesi, mume anasema humtaki tena, na wewe unaanza kujiuliza una kasoro gani. Wakati mara nyingi ni homoni tu wala mapenzi hayahusiki.

Estrojeni, ile homoni ya kike, ndo inafanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, ivutike na iwe na majimaji yake. Ikishuka ngozi inakuwa nyembamba, inawasha, inauma, saa nyingine unaona na damu kidogo baada ya tendo, mkojo nao unakubana kila mara. Watu wanajua hii ni ya wamama waliokoma hedhi, miaka ile ya 45 hadi 55, na kweli wao ndo wengi, ila anayenyonyesha naye yumo kabisa! Una mtoto mchanga, usingizi huna, umeambiwa wiki 6 zimepita unaweza kuendelea, unajaribu unakuta kama msasa. Hujaharibika dada, estrojeni inakuwa chini kipindi hicho, ukipunguza kunyonyesha na hedhi ikarudi, kwa kawaida na majimaji nayo yanarudi.

Halafu dawa. Zile za aleji zinazokausha mafua zinaweza kukausha na huku chini, pia baadhi ya dawa za sonona, baadhi ya njia za uzazi wa mpango za homoni, na matibabu ya saratani. Kwa hiyo ukavu ukianza ghafla jiulize kwanza, nimeanza kutumia nini kipya? Usiache dawa kienyeji lakini, mwambie aliyekuandikia.

Kinachonikera mimi ni sabuni. Mtu amekauka, anawashwa, anaamua kujiosha mpaka ndani na kitu chenye manukato, yaani anaongeza moto. Uke unajisafisha wenyewe, una bakteria wazuri wanaoutunza uwe na tindikali, wewe osha nje kwa maji, inatosha.

Kwa tendo lenyewe tumia kilainishi cha maji au cha silikoni, kisiwe na harufu wala kile cha kuleta joto. Kama mnatumia kondomu za kawaida za mpira, mafuta ya kujipaka na losheni weka mbali, yanailegeza inapasuka. Na msikimbilie mwisho jamani, mwili unahitaji muda wa kuamka, saa nyingine tatizo lote ni haraka ya mwenzio. Ukavu wa kutwa nzima una jeli zake za kuweka ukeni kila baada ya siku 2 au 3 hata kama hakuna tendo. Zisiposaidia kuna estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge, dozi ndogo, inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na kama umewahi kuugua saratani ya matiti lazima uongee na daktari wako kwanza.

Na wewe uliyemaliza mwaka mzima bila hedhi halafu ukaona damu, hata tone, usisingizie ukavu, nenda kapimwe.