Magodoro ya gesti

Mwaka 2007 nilipakia mitambo kwenye Fuso, kutoka Dar kwenda Tanga, kwenye harusi ya taarabu. Spika nne, na besi mbili ambazo kila moja ilishushwa na watu wanne. Nilikuwa kijana, na ufundi wangu wote ulikuwa huu: sauti isiposikika, ongeza.

Ukumbi ulikuwa mrefu, kama mita 30 toka jukwaani hadi ukuta wa nyuma. Sakafu vigae, madirisha vioo, juu bati tupu. Alasiri tukajaribu vyombo. Dumbaki likipigwa pa, linajibiwa pa. Mwimbaji akaanza ubeti, akasita: maneno yake yalikuwa yanamrudia yamechelewa, kama kuna mtu anamwigiza nyuma ya mlango. Nikaongeza sauti. Na mwangwi nao ukaongezeka, maiki ikapiga mluzi, kinanda kikawa uji.

Mzee wa ganuni akaweka chombo chake, akatembea hadi katikati ya ukumbi, akapiga kofi moja. Akasikiliza kichwa kimeinama.

"Mwanangu, huyo anayejibu kule nyuma umemlipa?"

"Sijamlipa, mzee."

"Basi mnyamazishe."

Hesabu niliijua baadaye. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwenda mita 30 na kurudi 30 ni karibu sehemu ya tano ya sekunde. Muda huo unatosha kabisa kumtoa mwimbaji kwenye mahadhi.

Akina mama wakatundika kanga ukutani. Mzee akapiga kofi, likajibiwa vilevile. Kanga ni nyepesi, sauti inapenya, inagonga ukuta na kurudi. Ndipo mtu akakumbuka gesti ya ng'ambo ya barabara. Tukaazima magodoro 12, tukayasimamisha nyuma, tukayafunika kwa vitambaa vya maharusi. Kofi likapigwa. Kimya. Mzee akacheka peke yake.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Katika miaka ya 1890 alikuwa akibeba mito ya viti vya ukumbi mmoja usiku, anaipeleka kwenye ukumbi mwingine uliokuwa na mwangwi mbaya, anapima sauti inachukua muda gani kufifia. Nilijiona Tanga, godoro kichwani.

Besi lakini iligoma. Godoro la inchi nne linameza mluzi na makofi, mngurumo halina habari nao. Watu wakijaa ni hivyohivyo: mabuibui na miili yao hutuliza sauti za juu, za chini zinabaki kuzunguka. Mzee akanyoosha kidole kwenye besi zangu. Nikazizima zote mbili. Nikainamisha spika zitazame watu badala ya ukuta.

Mwenye shughuli akaja mbio.

"Fundi, hizo besi mimi nimezilipia!"

"Zipo, baba. Zimepumzika."

Usiku ule kila neno la fumbo lilifika nyuma. Nilijua kwa sababu mama mmoja wa meza ya mwisho, karibu na magodoro, aliinuka kwenda kutunza kabla ubeti haujaisha, na akampitia jirani yake kwa makusudi.

Asubuhi mwenye gesti alikuta godoro moja lina doa la pilau. Aliyekatwa hela ni fundi.