Kutoka Bagamoyo hadi Mhonda: Kumtafuta Mama wa Bibi Yetu

Katika ukoo wetu ilisemwa kwamba bibi yake babu yangu, yaani mama wa mama yake, alizaliwa Bagamoyo, na habari zake ziliishia hapo. Wazazi wake hawakutajwa hata matangani, pale wazee wanapokaa na kuhesabu vizazi. Baada ya kumzika baba mwaka jana, niliona nikichelewa zaidi hatabaki mtu wa kumuuliza, nikafunga safari.

Gari lilipita Bunju, Mapinga na Kerege, likatushusha Bagamoyo kabla ya saa nne asubuhi. Nilikwenda moja kwa moja misheni, ambayo Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakiwakomboa watoto kwa fedha sokoni na kuwapokea wengine waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Padre mzee, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua mapema, aliniuliza jina la ubatizo la marehemu na makisio ya mwaka.

“Kaa, mwanangu,” aliniambia. “Kwa jina hilo tutawapata wengi.”

Tuliwapata tisa. Wino wa daftari ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, pembe za kurasa zimetobolewa na wadudu, na Kilatini kimefupishwa kiasi kwamba padre alilazimika kunisomea kila mstari kwa kidole. Aliyetusaidia kumtenga wa kwetu ni mumewe, ambaye jina lake tunalo: daftari la ndoa liliwataja pamoja, likaongeza kwamba walihamia Mhonda, kituo cha bara kilichofunguliwa mwaka 1877 na kukaliwa kwanza na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo. Kutoka kwenye ndoa tukarudi nyuma hadi kwenye ubatizo. Mwaka 1874, umri, kama miaka saba, kabila, Myao, ameletwa kutoka Zanzibar. Mahali pa wazazi paliandikwa neno moja tu, *ignotis*, wasiojulikana.

Neno hilo liliniuma. Mtoto wa miaka saba anamjua mama yake, na anaweza kumtaja akiulizwa kwa lugha anayoielewa. Hata hilo la Myao nililipokea kwa tahadhari, kwa sababu watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa mara nyingi waliitwa kwa kabila la wenye msafara au kwa lugha waliyoijua njiani. Nililoondoka nalo kwa hakika ni kwamba Bagamoyo haikuwa mahali alipozaliwa. Ilikuwa mahali alipofikishwa.

Kesho yake nilishika njia ya Msata na Chalinze, nikalala Morogoro, kisha nikapanda gari la Turiani, tukipita katikati ya miwa ya Mtibwa huku milima ya Nguru ikisimama mbele yetu. Parokia ya Mhonda iko chini ya milima hiyo. Katika daftari la ubatizo la humo nilimkuta binti yake wa kwanza, mama mzazi wa babu, amebatizwa kwa jina la mtakatifu, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, jina la nyumbani. Kwetu binti wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa mama. Nilisoma jina lile mara kadhaa bila kulitambua kuwa la mtu yeyote.

Jioni nililipeleka kwa shangazi, ambaye ana miaka 86 na alilelewa na huyo mama yake babu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umempata?”

Nilimsomea nilivyolinakili. Akatikisa kichwa, akaniomba nilirudie polepole, kisha akalitamka mwenyewe kwa sauti tofauti kabisa. Hapo nikaelewa: padre alikuwa Mfaransa, akaandika *ou* mahali pa u na *tch* mahali pa ch, nami nikasoma herufi zake kama za Kiswahili.

“Ndilo tulilokuwa tukimwita,” alisema. “Naye alikuwa akituambia jina si lake, ameazimwa na mwenyewe yuko mbali.”

Jina lenyewe silitaji hapa, kwa kuwa wazee wa ukoo wanastahili kulisikia kwanza, wakati wa kumbukumbu ya baba. Usiku ule nililiandika kwenye daftari letu kama shangazi alivyolitamka, juu ya jina la yule binti aliyebatizwa Bagamoyo, na pembeni yake nikaacha nafasi ya jina la mume.