Makete leo: mafuta kabla ngozi haijakauka

Leo Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nyasi zimeamka nyeupe kwa barafu. Kipupwe hicho. Mazoea ya Dar hayakusaidii huku.

Ngozi kwanza.

Maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili, ndiyo maana unatoka bafuni unang'aa, muda mfupi baadaye miguu imepauka. Oga maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10, sabuni makwapani, kinenani na nyayoni tu. Jifute kwa kugusagusa, usisugue.

Kisha paka mafuta ya mgando ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka ngozi kavu, umefungia ukavu.

Visigino paka usiku, vaa soksi za pamba. Midomo usiirambe, mate yakikauka huipasua zaidi.

Na jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani, hata yakibaki makaa machache! Gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, tokeni nje upesi.

Wa Njombe, Mbeya, Limuru: nyie mnapaka nini?