Miaka 19 Juu ya Kabati

Mwenye nyumba aliponipa miezi mitatu nihame, sikuwaza kwanza nitalala wapi. Niliwaza gitaa la baba litakaa wapi. Chumba nilichopata baadaye ni kidogo: kitanda, meza, na kabati la ukutani lililojengwa hadi darini. Hakuna juu ya kabati. Na kwa miaka 19 juu ya kabati ndipo palipokuwa kwake, limefungwa kwenye kitenge cha mama, likinitazama kila asubuhi nikivaa sare ya kwenda kuwaogesha wazee wa watu.

Niko Liège, Ubelgiji. Mtu wa Lubumbashi, Kongo, haoni taabu kulizoea jiji hili. Lina vilima vya taka za migodi kama kile chetu kando ya bomba refu la moshi, na miji hii miwili ina undugu rasmi, wa kusainiwa na mameya. Vya huku vimeshaota miti. Cha kwetu walikirudia, wakakichambua upya kutafuta kobalti.

Niseme mapema: sijui kupiga gitaa. Hata wimbo mmoja. Baba alimfundisha kaka yangu, kwa sababu gitaa ni mambo ya baa na baa si mahali pa binti. Kaka alivumilia wiki mbili, vidole vikamuuma, akakimbilia mpira. Mimi nilikuwa napepea makaa mlangoni, nikiangalia mkono wa kulia wa baba. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayetoka kazini, hana haraka. Cha shahada kinaruka kwenye nyembamba. Vidole viwili tu, lakini ukifumba macho unaapa wako watu wawili. Na akitaka kupandisha sauti, anafunga kipande cha penseli shingoni mwa gitaa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Alilinunua mwaka 1958, mji ukiitwa bado Élisabethville, kwa mfanyabiashara aliyeleta bidhaa kwa treni kutoka kusini. Vijana wote wa mitaa ya Waafrika walitaka kuwa mtu mmoja, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Huyo alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 pale Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na baada ya hapo kila mwenye vidole alitaka kuwa yeye. Wasomaji wa Nairobi, waulizeni wazee wenu: ndiye aliyeitwa huko mwaka 1959 kuitangaza dawa ya Aspro kwa gitaa. Baba hakufika Nairobi. Alifika baa za Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, Jumamosi, na asubuhi ya Jumatatu alikuwa kwenye foleni ya kuingia kazini kwenye shaba kama wengine.

Sasa nifike kwenye hadithi niliyoibeba hadi Ulaya. Katikati ya miaka ya 1990 mishahara ilikatika. Mwezi, miwili, mitano. Nyumba za wafanyakazi zikaanza kutoa vitu nje kimoja kimoja. Kwetu ilitoka redio, ikafuata baiskeli, ikafuata cherehani ya mama, zikafuata sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kulia. Gitaa halikutoka. Mimi, msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye njaa na mapenzi mengi kwa baba yake, nikajijibu mwenyewe kwamba amekataa. Kwamba mtu huyu ameuza vyote lakini sauti yake hakuiuza. Nimewasimulia hadithi hiyo wenzangu kazini, nimemsimulia padri, na bibi mmoja wa miaka 90 ninayemhudumia ananiomba niirudie kila Krismasi.

Baba alifariki mwaka 2005. Nilikuja kwenye kilio, na siku ya kurudi nikaondoka na gitaa mkononi bila kumuuliza mtu. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili nililifanya kila Jumamosi kwa miaka 19: nilikuwa nalishusha, nalifuta vumbi kwa kitambaa laini, na nilikuwa mwangalifu sana nisiguse funguo za kukazia nyuzi. Nyuzi zile alizikaza yeye. Kwangu ilikuwa kama pumzi iliyobaki ndani ya puto. Nani angeifungua?

Basi, habari ya kuhama ikanifikisha kwa fundi mmoja mtaa wa Outremeuse. Nilitaka tu kujua kama linauzika. Akachungulia ndani ya tundu kwa tochi, akasoma karatasi ya kiwandani, akaketi. Gallotone Champion. Limetengenezwa Afrika Kusini, na karatasi yake inajisifu kwamba limehakikishwa kutopasuka. Akanieleza kwamba gitaa la aina hiyohiyo ndilo alilolipiga John Lennon wa Beatles akiwa kijana, hata siku ile ya Julai 1957 alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa, na kwamba mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 150,000. Macho yangu yalivyotoka akawahi kunituliza: hilo la Lennon, mama, si la kwako. La kwako nakupa euro 700.

Euro 700 ilikaribia sana dhamana niliyodaiwa kwenye chumba kipya. Sitawadanganya, niliihesabu palepale. Lakini pia nilichukia kidogo. Chapa hiyo ya Gallotone ndiyo iliyokuwa kwenye sahani za santuri za Mwenda mwenyewe. Kampuni iliyouza gitaa ndiyo iliyouza na sauti. Nikamtajia jina. Hakuwahi kulisikia. Kwake gitaa la baba lilikuwa binamu wa mzungu mmoja wa Liverpool.

Halafu akalaza rula kwenye shingo, na mwanga ukapita chini yake. Shingo imepinda. Akauliza nani amelihifadhi na nyuzi zimekazwa. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, usiku na mchana, na shingo hili, alisema, halina ufito wa chuma ndani yake wa kupingana nazo. Ukijua gitaa halitapigwa, unazilegeza. Kila mpigaji anajua. Akaongeza kwamba mbao zake ni za tabaka zilizogundishwa, ndiyo maana kweli hazikupasuka, hata kwa hewa kavu ya vipasha joto vya huku.

Nilirudi kwa miguu nimelikumbatia. Miaka 19 nililiheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyolipinda.

Usiku nikaandika kwenye kundi la familia. Kaka akajibu kabla sijaweka simu chini: "Uzisha, tugawane." Mdogo wangu wa kike naye: "Kuuzisha gitare ya papa? Yaya, uko na malaria?" (Yaya kwetu ni dada mkubwa.) Ikaendelea hivyo siku tatu, na watu ambao hawajalishika gitaa hilo tangu msiba wakawa na maoni marefu. Mama alituma sauti moja tu, ya sekunde nne. "Ulilete. Nitaliona kwanza."

Nikalipeleka. Julai mwaka 2024, kupitia Addis Ababa hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, gitaa magotini. Julai kwetu ni baridi. Wageni hawaamini, lakini usiku wa Katanga kiangazi unataka sweta na mbabula, jiko la makaa, mlangoni. Nyumba ya mama iko Kamalondo, karibu na uwanja wa TP Mazembe, na Mazembe wakifunga bao vikombe vinalia kabatini. Umeme ulikuwa umekatika. Tulikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mwanga wa simu, na baada ya kunawa mama akavuta kitenge chake, akakitambua, akacheka kwamba alikitafuta miaka yote.

Nikamwambia kila kitu. Lennon, 700, shingo. Nikamalizia na ile hadithi yangu, kwamba nawezaje kuuza kitu ambacho baba alikataa kukiuza hata tulipolala na njaa.

"Nani alikuambia alikatala?"

Nikanyamaza.

"Alilipeleka pa soko, kule Kenya, mara mbili. Mara ya kwanza batu balicheka. Mara ya pili mutu moya akasema atatoa kilo mbili ya unga. Baba yako akasema tatu. Ule mutu akaenda."

(Kenya yetu ni komini, yaani wilaya, ya Lubumbashi, jamani, si nchi. Baba hakuvuka mpaka kwa kilo tatu za unga.)

"Akarudi nalo," mama akaendelea, "nikamukasirikia siku mbili. Kilo mbili ya unga, mutoto wangu! Tungekula siku ngapi?"

Nilicheka hadi nikalia, au nililia hadi nikacheka, mpangilio wenyewe siukumbuki. Gitaa lililobeba utu wa baba yangu mbele ya Ubelgiji nzima lilibaki nyumbani kwa sababu ya kilo moja ya unga. Ajabu ni kwamba baba hakupungua machoni pangu. Nilimwona akitembea kutoka Kenya hadi Kamalondo, gitaa begani, akijua mke anamsubiri na sufuria tupu. Huyo nilimfahamu zaidi kuliko yule wa Krismasi.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 17 na anapiga gitaa la umeme kwenye kwaya. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, anaiweza, hata shetani angeinuka. Alipolishika la kambo yake, yaani babu yake, alishindwa kubana nyuzi zaidi ya chuma cha tano kati ya vile vilivyopita shingoni. Zimekaa juu kama nyaya za umeme. "Tantine (shangazi), hii haipigwi," akasema, bila ubaya. Kesho yake tukalipeleka kwa fundi wa Katuba, seremala wa milango ambaye pia hutengeneza magitaa, ana jiliwa, randa, na maneno machache. Akalizungusha mara moja. Shingo litapashwa moto, litabanwa siku kadhaa linyooke. Kisha ubao wa mbele ya shingo utapigwa randa uwe sawa, ndipo avirudishe vyuma.

Hapo kwenye randa ndipo nilipokwama. Karibu na kichwa cha gitaa, chini ya uzi wa kwanza na wa pili, mti umeliwa. Vishimo vidogo, laini, mahali vidole vya baba vilipokanyaga miaka na miaka. Mimi nisiyejua kupiga nilikuwa nikiviweka vidole vyangu humo kila Jumamosi, vinaenea. Randa ingevimaliza kwa mikwaruzo mitatu. Nikamuuliza fundi kama anaweza kuviruka. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa apake ukuta rangi bila kuugusa ukuta.

Kwa hiyo mbele yangu kulikuwa na magitaa mawili ndani ya moja. Lenye vishimo, ambalo si gitaa tena. Au lenye sauti, ambalo si lile nililolibeba. Yule wa Outremeuse alitaka la kwanza, kwa ajili ya karatasi ndani ya tundu. Nikaomba siku moja ya kufikiri, fundi akasema hata mwezi, yeye ana milango ya kutengeneza.

Mama alikuwa anachambua lengalenga nilipomwonyesha picha ya vile vishimo kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena.

"Baba yako alikufa na bidole byake," akasema. "Huyu mutoto iko na byake."

Akarudi kwenye mboga zake.

Nilimlipa fundi dola 40, nikamwomba kitu kimoja tu, asiguse karatasi ya ndani. Siku anayopiga randa sikwenda. Nilikwenda kununua samaki wakavu, na nafasi ya gitaa kwenye mzigo wangu nikaijaza unga. Kilo tatu. Mdogo wangu alinuna hadi uwanja wa ndege, kaka akauliza kama fundi wa Ubelgiji hawezi kutoa 800. Zile 700 za dhamana nilikopa kwa mwenzangu wa kazini na ninamlipa 50 kila mwezi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye basi la kwenda Seraing, zamu ya usiku, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Mwanzoni ni kelele za mtaa na jogoo. Halafu nyuzi. Sauti ya gitaa imekuwa kali kidogo, mpya, siyo ile niliyoijua, na kijana anakimbia mno. Kidole gumba kinakimbizana na cha shahada badala ya kukingoja. Nyuma yake nasikia mama anapiga kelele kutoka jikoni:

"Polepole! Kile kikubwa kinatoka kazini! Kinatoka kazini, hakikimbie!"

Kijana akasimama. Akaanza tena.