Siku namba nane alipocheza namba mbili

Jana jioni binti yangu ameingia ndani ananukia dawa ya kuchua, ile yenye mkaratusi inayochoma mpaka macho. Ametoka mazoezi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. "Baba, kipa wetu anaumwa. Mwalimu kasema Jumamosi nidake mimi." Jumamosi ndiyo wanachagua timu ya kata, na yeye ni mshambuliaji. Nikamwambia akaoge kwanza.

Harufu ile ikanirudisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ule msimu wetu wa kuponea chupuchupu daraja la kwanza. Mnaoukumbuka mnaukumbuka. Fomu ya kikosi ilikuwa kazi ya meneja, yaani mimi: majina 11 ya wanaoanza, 7 wa akiba, namba za jezi, namba za leseni. Kosea tarakimu moja ya leseni uone kamisaa atakavyokuzungusha.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni jukwaani. Alikuwa akiwapelekea taarifa walimu wa Taifa Stars, na amekuja kumtazama namba nane wetu, kiungo. Haikuwa bahati. Video ya kwanza niliyomtumia aliikataa, na alikuwa na haki: mpiga picha alisimama chini, pembeni ya uwanja, kamera inakimbizana na mpira. Kiungo hapimwi hivyo. Anapimwa kwa anachofanya sekunde 3 kabla mpira haujamfikia: kageuza shingo mara ngapi, kaufungua mwili upande upi, mguso wa kwanza umemtoa kwenye presha au umemzamisha. Kamera ikibana, hayo yote yanabaki nje ya picha. Ya pili tukapanda juu ya paa la basi, usawa wa mstari wa kati, picha pana, vipande 12 vya sekunde 20 hivi. Vitatu kati ya hivyo alikuwa amepoteza mpira. Niliviweka makusudi, maana mtu anayejua kazi hutaka kuona ukipokonywa unafanya nini. Hiyo ndiyo iliyomsafirisha mgeni.

Tatizo lilikuwa beki wa kulia. Alishakula kadi ya tatu ya njano, na mbadala wake alikuwa kitandani na malaria. Wapinzani wetu nao mashambulizi yao yote yalipita kwa winga wao wa kushoto. Mwalimu akaingia, akasema kwa kifupi, "Nane atacheza mbili."

Kimbinu hakukosea. Namba nane ndiye pekee pale ndani mwenye mapafu ya kwenda na yule winga dakika 90.

Nilikuwa nimeinamia fomu juu ya sanduku la jezi, kalamu mkononi. Namba nane amelala kwenye benchi, mtunza vifaa anamchua mapaja, chumba kizima mkaratusi mtupu. Ujio wa mgeni nilimwambia mchezaji. Mwalimu sikumwambia. Nilihofia angeniona dalali wa wachezaji, na meneja akishaitwa dalali hasikilizwi tena. Fomu haina mahali pa kuandika nafasi, ni jina na namba tu. Kule jukwaani mgeni angesoma 8, kisha angemwona 8 amesimama karibu na kibendera cha kona.

Dogo akainua kichwa. "Meneja, kaja?"

"Cheza tu, mdogo wangu."

Nikaandika jina lake. Nilikuwa na kama dakika mbili hivi za kumwambia mwalimu, naye alikuwa hatua nne kutoka nilipo, anafunga kamba za viatu.

Mechi iliisha 0-0. Winga wao alipiga krosi moja tu ya maana. Mgeni aliondoka kwenye dakika ya 70, kesho yake akanisomea kwa simu alichoandika: anajituma, beki wa kulia, kimo kidogo. Basi. Na kwa beki wa kulia Stars ilikuwa na akina Shomari Kapombe, watu wa Ligi Kuu wanaoonekana kwenye televisheni kila wiki.

Vijiweni tukisikia mtu hajaitwa Stars, tunasema fitna, au Simba na Yanga. Fitna ipo, sikatai. Lakini barua ya kumwita anayecheza nje inatakiwa kufika klabuni kwake angalau siku 15 kabla ya dirisha la FIFA, zile siku za mechi za timu za taifa, na wakishakusanyika, mwalimu anabaki na siku chache za mazoezi kabla ya mechi. Hana muda wa kugundua kwamba beki aliyeandikiwa ni kiungo. Anaita ambaye nafasi yake haina maswali. Kipa Juma Kaseja alipoachwa enzi za kocha wa Stars Marcio Maximo, nchi nzima ilibishana, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imemwona akidaka. Wa kwetu hakuna aliyembishania.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Tulibaki daraja la kwanza kwa pointi moja. Ile. Watu zaidi ya 30, ukihesabu na mpishi, waliendelea kupokea mshahara, hata kama ulichelewa. Na namba nane alikuja kupanda Ligi Kuu, akacheza misimu miwili. Kama beki wa kulia.

Binti ametoka bafuni, dawa imepungua ila haijaisha. "Kwa hiyo nidake?"

Namba ya simu ya mwalimu wake ninayo. Lakini na yeye ana kipa mmoja tu, na anaumwa.